Bima ya Mbwa Mzee wa Maj-Lis

Pale Ånge, mji mdogo wa reli huko kaskazini kwenye theluji, watu walikuwa na usemi wao kwamba ukitaka siri yako ikae ndani, usikubali kikombe cha pili cha kahawa kwa Maj-Lis Öberg. Si kwamba alikuwa mmbeya. Aliyoambiwa yaliishia kwake. Ila kuuliza aliuliza, na akiuliza alikutazama kwa macho yake ya kijivu yaliyotulia, ukajikuta umeshasema hata lile ambalo hukujua kama unalijua.

Maisha yake ya kazi aliyamalizia relini, katika chumba cha kuongozea treni, pale njia itokayo kusini inapokutana na ile itokayo pwani, kisha zikapanda pamoja kaskazini. Wenzake walijifunza kitufe gani kinafanya nini, wakatosheka. Yeye alitaka kujua kwa nini. Taa ikiganda kwenye nyekundu bila sababu, wenzake walimpigia fundi simu wakarudi kwenye kahawa yao. Maj-Lis alivaa buti, akashuka, akachuchumaa kando ya fundi kwenye theluji akiuliza waya huu unatoka wapi, na ukikatika nani anakuwa wa kwanza kujua. Mafundi mwanzoni walimkimbia. Baadaye wakawa hawaanzi kazi mpaka afike.

Alikuwa na mwenzi, Evert Grelsson, seremala mstaafu na mwindaji, aliyefiwa na mkewe zamani. Waliishi pamoja bila kuishi pamoja: Maj-Lis na nyumba yake ya manjano karibu na stesheni, Evert na yake ng'ambo ya mto Ljungan, na kila mmoja ana mswaki kwa mwenziwe. Kule hakuna anayeona ajabu. "Mapenzi ukitaka yadumu," Evert alipenda kusema, "yapitishie mto katikati."

Siku Maj-Lis alipostaafu, Evert alimletea zawadi ndani ya kikapu cha kuni: kitoto cha mbwa chenye masikio marefu, miguu mifupi na kifua kama pipa.

"Hii zawadi ni yangu au yako?" Maj-Lis aliuliza.

"Ni yako. Mimi nitamwazima tu msimu wa sungura."

Wakamwita Murre. Bima yake ilikatwa kwa jina la Maj-Lis kabla hata hajajua kukojoa nje, maana kule mbwa asiye na bima ni kama mtoto asiye na viatu, majirani huuliza. Naye Murre akakua akiishi nyumba mbili kama wenyewe.

Miaka kumi ikapita. Mwishoni mwa Agosti, wiki zile ambazo makopo ya samaki waliochachushwa, chakula cha msimu huo, hufunguliwa nje na harufu yake hukaa mtaani hadi jioni, barua ya kuhuisha bima ikaja. Maj-Lis aliisoma yote, pamoja na herufi ndogo za nyuma, wakati Evert akipanga viazi na vitunguu mezani bustanini.

"Wamepandisha," alisema.

"Wanapandisha kila mwaka. Ndiyo kazi yao."

"Na ile fidia ya kifo wameiondoa. Akishatimiza miaka kumi, akifa, amekufa."

"Hilo hata mimi ningewaambia bure."

"Na ile sehemu tunayojilipia wenyewe kwanza, kabla wao hawajatia mkono mfukoni, nayo imekua." Akaiweka barua chini ya sahani isipeperuke. "Kwa nini kumi, Evert? Kwa nini isiwe tisa, au kumi na mbili?"

"Kwa sababu binadamu ana vidole kumi. Angekuwa na kumi na viwili, mbwa wangechelewa kuzeeka."

Maj-Lis alicheka, lakini swali lilikuwa limeshamkaa. Evert akaviringisha samaki ndani ya mkate mwembamba, akamega kipande cha kiazi, akampa Murre chini ya meza.

"Achana nao," alisema. "Jirani Halvard yuko kampuni nyingine ya bima, analipa kama nusu ya hiyo. Au usilipe kabisa. Baba yangu alifuga mbwa maisha yake yote, na bima yake ilining'inia ukutani juu ya mlango."

Alimaanisha bunduki. Maj-Lis hakukasirika. Alitaka kujua.

"Na baba yako alijuaje kwamba siku imefika?"

"Alijua tu."

"Kwa dalili gani?"

"Maj-Lis, samaki anapoa."

"Samaki huyu hakuwahi kuwa wa moto."

Evert alitafuna, macho yake kwenye mto. Maj-Lis akamwacha, lakini aliona kwamba hakukata kipande cha pili, na Evert si mtu wa kipande kimoja.

Kesho yake asubuhi Maj-Lis alipiga simu kwenye kampuni yake ya bima. Akapokewa na msichana aliyejitambulisha kwa jina la Nahid.

"Nataka kuhuisha bima ya mbwa," alisema Maj-Lis, "ila kwanza nielewe."

"Karibu. Tuanzie wapi?"

"Tuanzie hapa. Kwenu, mbwa huwaje mzee?"

"Kwetu huzeeka kwa tarehe ya kuzaliwa."

"Sungura aliowafukuza hawahesabiwi?"

"Nina nafasi ya kuandika aina ya mbwa, rangi na jinsia," alisema Nahid, sauti ikilegea kama ya mtu aliyevua viatu. "Ya sungura hawakuniwekea."

Basi wakazungumza. Nahid alimweleza kwamba mbwa wakubwa huchakaa mapema, wa miaka sita au saba ameshakuwa babu, na wadogo hukawia. Kwamba kampuni hutazama miaka na miaka ya mbwa wa aina moja, waliugua nini na lini, na humo ndimo bei inamotoka. Murre mwenyewe hakufanya kosa lolote. Alibebeshwa mzigo wa ukoo.

"Kama binadamu," alisema Maj-Lis.

"Kama binadamu. Sasa niseme jambo moja ambalo watu huliuliza wakiwa wameshachelewa?"

"Sema."

"Mbwa aliyezeekea kwetu tunakaa naye mpaka mwisho. Kila alichougua akiwa kwetu tunaendelea kukilipia. Lakini ukimtoa leo na umri huu, halafu ukajuta, hatumrudishi kwenye bima hiihii. Mzee mgeni tunampa bima ya ajali tu."

"Na akienda kwa wengine?"

"Kila alichougua huku, kule watakiita ugonjwa wa zamani. Usikate kwetu kabla hujajua wenzetu wanakuambia nini."

Maj-Lis alimshukuru, akakaa na kikombe chake. Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye aliona kwamba amesikia upande mmoja tu, na upande mmoja ni kama reli moja, hauendi popote. Akapiga simu kwenye kampuni ya Halvard.

Huko simu ilipokewa na mwanamume mchangamfu aitwaye Joakim. Ndiyo, walipokea mbwa wa miaka kumi. Ndiyo, bei ilikuwa ndogo. Alichohitaji ni cheti cha daktari wa mifugo kwamba mbwa ni mzima.

"Mbwa wa miaka kumi aliye mzima mnamjuaje?"

"Daktari anampapasa, anamsikiliza, anaandika."

"Na akisikia kitu?"

"Hicho kitu tunakiacha nje ya bima. Vingine vyote vinabaki ndani."

"Umenijibu bila kuzunguka," alisema Maj-Lis. "Wengi huzunguka."

"Wengi hawaulizi," alisema Joakim.

Evert aliposikia kwamba wanampeleka Murre kwa daktari kuchukua cheti, alijiona ameshinda. Alijitolea kuendesha gari mpaka Sundsvall, akapiga mluzi njia nzima. Murre alikaa kiti cha nyuma, kidevu juu ya begi la mkate, akipumua kwa sauti.

Daktari alikuwa mama mmoja wa makamo, Sunniva Bratt, mwenye mikono mikubwa yenye joto. Alimjua Murre tangu utotoni, na alimjua Maj-Lis pia, ndiyo maana alimpangia muda mrefu kuliko wengine. Alimtazama mbwa meno, akamkunja magoti, akamminya tumbo. Kisha akamwekea kifaa cha kusikilizia ubavuni upande wa kushoto, akasikiliza. Akakisogeza kidogo. Akasikiliza tena.

"Amekuwa akikohoa?"

"Asubuhi, kidogo," alisema Maj-Lis. "Nilidhani amekula nyasi."

"Anachoka upesi?"

Maj-Lis alimgeukia Evert, kwa kuwa porini alikuwa yeye.

"Mbwa wa miaka kumi akichoka ni habari gani?" alisema Evert.

"Ni habari kama jana alikuwa hachoki," alisema daktari kwa upole.

Evert alitazama bango la paka ukutani. Akasema, kama anayezungumza na yule paka, kwamba majira ya baridi yaliyopita Murre alimwacha sungura katikati ya njia. Alikuwa nyuma yake kabisa, akabweka mara mbili, akalala chini kwenye theluji. Hakuwahi kufanya hivyo. Evert alimbeba mpaka kwenye gari.

"Hukuniambia," alisema Maj-Lis.

"Hukuuliza."

Jibu hilo, kwa mtu kama Maj-Lis, halikuwa na mahali pa kukaa, na wote wawili walijua hivyo. Daktari akaokoa jahazi. Alieleza kwamba kuna mlango mdogo ndani ya moyo ambao kwa mbwa wengi wa umri huu huwa mnene na kushindwa kufunga sawasawa, damu ikarudi kidogo ilikotoka. Ingebidi apigwe picha ya moyo ili ijulikane umefika wapi. Si hukumu ya kesho. Wako wanaoishi nao miaka.

"Unasikikaje?" aliuliza Maj-Lis.

Sunniva Bratt alimtazama, akavua kifaa shingoni, akamvisha masikioni, akamwongoza mkono hadi mahali penyewe.

Mwanzoni Maj-Lis alisikia manyoya tu. Halafu moyo ukaja, du-tu, du-tu, kwa haraka kuliko alivyodhani. Na katikati ya kila pigo palikuwa na shuu ndefu, laini, kama upepo upitao chini ya mlango wa kibanda. Alifumba macho. Miaka kumi mnyama huyu alilala miguuni pake, na kumbe ndani mlikuwa na mlio ambao haukuwahi kumfikia. Hakuhuzunika, bado, huzuni ingekuja gari likishaanza kutembea. Wakati ule alitaka tu kuendelea kusikiliza. Aliuliza mlango uko upande gani, unaanza kuchakaa wapi, kwa nini huu na si ule mwingine, na je, mbwa mwenyewe anausikia. Daktari alijibu moja baada ya jingine hadi paka aliyengoja nje akaanza kulalamika.

"Evert, njoo usikie," alisema Maj-Lis.

"Naenda kuwasha gari," alisema Evert, akatoka.

Njiani kurudi hakukuwa na mluzi. Ukungu ulikuwa umetanda juu ya mto na misonobari ilisimama kimya pande zote. Maj-Lis alikuwa amehamia kiti cha nyuma, kichwa cha Murre mapajani, mkono wake ubavuni mwa mbwa.

"Ningekuambia," Evert alisema mwishowe, "ungeniuliza."

"Ndiyo."

"Na ningekujibu nini? Nilimbeba, sawa. Lakini nilimbeba kwa kusimamasimama. Kila mti nilisimama. Tulipofika kwenye gari tukakaa chini wote wawili, ndimi nje, sijui nani mbwa." Alibadilisha gia bila sababu. "Halafu inakuja barua, inasema huyu sasa ni mzee, huyu sasa gharama. Nikaona heri tutoke tu kwenye vitabu vyao. Mtu asihesabiwe."

Maj-Lis alikuwa na maswali, tena mengi: kusimama kwa muda gani, maumivu yalikuwa kifuani au mkononi, tangu lini. Yote yalimjia hadi kwenye meno. Akayaacha hapohapo. Aliona shingo ya Evert kutoka nyuma, ngozi nyekundu yenye mikunjo juu ya ukosi wa shati, na akafikiri kwamba maswali mengine yakiulizwa garini hugeuka kuwa matusi.

Jumatatu alimpigia Joakim, akamwambia yote bila kuficha, maana hakuona faida ya kununua bima kwa uongo halafu ulale macho.

"Basi moyo utakuwa nje," alisema Joakim, "na chochote kitokacho kwenye moyo. Mapafu kujaa maji, kuzimia, na kadhalika."

"Kwa hiyo mtalipia nini?"

"Masikio. Magoti." Alifikiri. "Akimeza soksi."

"Hajameza soksi tangu utoto."

"Maj-Lis, ningekuwa wewe ningebaki nilipo. Usiwaambie wakubwa zangu."

Akampigia Nahid. Nahid alisoma kumbukumbu za Murre kwa sauti ya chini, akasema kwamba ugonjwa umegunduliwa bima ikiwa hai na haijakatika hata siku moja, kwa hiyo picha ya moyo na kumwona daktari watalipia, baada ya ile sehemu yake mwenyewe. Vidonge tu ndivyo visivyomo. Kulikuwa na nyongeza ya dawa, lakini ilitakiwa ichukuliwe mbwa akiwa bado kijana.

"Kwa nini sikuichukua?"

"Hilo hapa sioni."

Maj-Lis alikumbuka mwenyewe. Siku ile ya kukata bima alishikwa na jambo la minyoo, akauliza minyoo mpaka mtu wa watu akachoka, na ukurasa wa dawa ukapita bila kusomwa. Alijicheka peke yake jikoni. Hata anayeuliza sana hawezi kuuliza yote.

Akahuisha bima siku hiyohiyo. Picha ilipigwa, moyo ukaonekana umeanza kutanuka, na Sunniva Bratt akaandika vidonge vya asubuhi na jioni, vya maisha.

"Vidonge ni vyangu," alisema Evert.

"Una maana gani, ni vyako?"

"Nitanunua mimi. Na nitampa mimi. Wewe una bima yako."

"Asubuhi na jioni?"

"Kwani daraja limevunjika?"

Hivyo ndivyo Evert, aliyekuwa akivuka mto Ijumaa na kurudi Jumapili, alivyoanza kuvuka kila siku mara mbili, na kopo la maini ya kupaka mfukoni. Alikandika kidonge ndani ya maini, akampa Murre, akaketi. Kwa kuwa ameshafika, alikunywa kahawa. Kwa kuwa ameshakunywa kahawa, alitengeneza bawaba ya kabati. Kutoka dirishani Maj-Lis alimtazama akija: alitembea kwa miguu, kwa sababu alidai gari halipendi safari fupi, na katikati ya daraja alisimama akaegemea chuma kama anayetazama maji. Mwezi wa Novemba alisimama mara moja. Februari, mara mbili. Maj-Lis hakusema neno, na kutosema huko kulimchosha kuliko zamu zote za usiku alizowahi kufanya relini.

Murre aliacha kukohoa. Alipata tena ile tabia ya kumlalamikia mtu wa posta.

Asubuhi moja ya Machi, theluji ikidondoka kutoka mapaani, Evert alichelewa. Murre alikuwa ameshakaa mlangoni akinung'unika. Evert alipofika hakuwa ametoka upande wa daraja, bali upande wa zahanati.

"Wamenisikiliza," alisema, akivua kofia.

Maj-Lis alimimina kahawa.

"Wanataka nirudi wiki ijayo, wanipige picha."

"Wamesema nini?"

"Sikuuliza."

"Evert."

"Niliona nikuachie wewe. Wanasema naruhusiwa kuja na mtu." Alichimba kopo la maini kwa kisu, akatafuta kidonge. "Yule daktari ni kijana. Usimtishe."

Walienda pamoja. Ilikuwa mishipa ya moyo, si mlango kama kwa Murre. Wakampa vidonge na kumwambia atembee, jambo ambalo alikuwa ameshaanza bila kuambiwa. Yule daktari kijana, inasemekana, alichora moyo mzima kwenye karatasi, pande zote mbili, kabla Maj-Lis hajaridhika.

Agosti iliyofuata bima ya Murre ilipanda tena. Maj-Lis alisoma yaliyobadilika, akampigia Nahid kumwuliza mambo mawili, akalipa. Msimu wa sungura ulipofunguliwa, Evert hakuchukua bunduki. Walimpeleka Murre mpaka ukingo wa msitu, wakamfungua, wakaketi juu ya gogo na chupa ya chai. Mbwa alitembea taratibu, pua chini, masikio yakiburuta kwenye majani yenye umande. Akapata harufu, mkia ukasimama. Akabweka mara moja, akasikiliza, kisha akaanza kuifuata kwa hatua za mzee anayekwenda kuchukua gazeti lake.

"Anakwenda wapi?" aliuliza Maj-Lis.

"Tungoje," alisema Evert.